Kambi Isiyo na Geti: Namna ya Kupanga Safari ya Mbinga na Ufukwe wa Nyasa

Tulikuwa tisa, tuna mahema matatu, kreti moja la soda na sufuria kubwa tuliyoazima kwa mama ntilie wa pale nje ya chuo. Tulifika ufukweni mwa Ziwa Nyasa jua linazama. Tukaona mchanga safi, kijito kinaingia ziwani taratibu, na hakuna mtu. Tukasema hapa hapa. Ndani ya nusu saa mahema yalikuwa yamesimama, wana wanapiga picha, na mwenzetu mmoja ameingia majini mpaka magotini anasugua ile sufuria.

Hazikupita dakika kumi akatokea mzee mmoja ana kasia begani. Tukamwamkia. "Marahaba, wanangu," akajibu, kisha akauliza: "Ninyi ni wageni wa nani?"

Tukaanza kueleza. Sisi ni wanachuo, tuko likizo, tumekuja kutembea. Akatusubiri tumalize. "Nimewasikia. Nauliza wageni wa nani."

Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwa wageni wa mtu yeyote. Ndipo mzee akanyoosha kasia lake kuelekea pale mwenzetu alipokuwa ameinama na sufuria. Mamba, akasema, hupita hapo hapo kijito kinapokutana na ziwa. Kila mtoto wa kijiji kile anajua. Sisi hatukujua kwa kuwa hatukuuliza, na hatukuuliza kwa kuwa tuliona hakuna geti.

Usiku ule tulihamisha mahema kwa tochi, mzee anatuongoza, mpaka jirani na nyumba yake. Hakututoza hata shilingi. Lakini nilirudi chuoni najua kwamba tuliponea chupuchupu, na kwamba mimi niliyejiita mratibu wa safari sikuwa nimeratibu kitu zaidi ya nauli. Tangu siku hiyo nimerudi kule mara mbili na makundi mengine. Kila likizo ndefu ikikaribia, watu hunifuata kuuliza "tunafikaje Mbamba Bay?" Kufika ni rahisi. Naomba nieleze yale mengine.

Geti linafanya kazi gani?

Ukienda hifadhi ya taifa kama Mikumi au Kitulo, unalipa kiingilio na unaweza kulalamika kwamba ni hela nyingi. Lakini pesa ile inanunua vitu ambavyo huvioni. Pale getini jina lako linaandikwa, kwa hiyo mtu anajua umeingia na usipotoka utatafutwa. Unaambiwa wapi pa kulala na wapi pasipofaa. Kuna askari anayejua wanyama wamepita wapi jana. Kuna choo. Kuna mtu anayezoa taka.

Ufukwe wa Nyasa na vilima vya Umatengo ni eneo la watu wote kwa maana ya kwamba hakuna atakayekuzuia kutembea barabarani wala kukaa mchangani. Ila kazi zote zile za geti zinabaki bila mwenyewe mpaka wewe uzichukue. Nani anajua upo? Wapi ni salama? Maji gani ya kunywa? Choo kiko wapi? Taka zinaenda wapi? Kama kundi lako haliwezi kujibu maswali haya matano kabla ya kupanda basi, bado hamjapanga safari.

Kwanza fahamu uko wapi

Nianze na kosa ambalo hata sisi tulilifanya. Mkoa unaitwa Ruvuma, basi wengi hudhani Mto Ruvuma unaingia Ziwa Nyasa. Hauingii. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, jirani kabisa na mji wa Songea, na maji yake yanakwenda mashariki, yanakuwa mpaka wetu na Msumbiji mpaka Bahari ya Hindi. Mto mkubwa unaoingia ziwani kwa upande huu ni Ruhuhu, ambao mdomo wake uko kaskazini, baina ya Lituhi na Manda. Ukimwambia mwenyeji unataka kupiga kambi "kando ya Ruvuma" ukiwa Mbamba Bay, atakuonea huruma.

Zamani eneo hili lote lilikuwa wilaya moja ya Mbinga. Mwaka 2012 ikamegwa, ukanda wa ziwani ukawa Wilaya ya Nyasa, makao makuu Mbamba Bay. Kwa mpangaji hii ina maana yake: ukiwa vilimani ofisi inayokuhusu ni ya Mbinga, ukishuka ziwani ni ya Nyasa. Barua moja haitoshi.

Njia kuu ni ya mzunguko na ukiielewa hutarudia barabara ileile mara mbili, isipokuwa kipande cha mwanzo. Kutoka Songea unapanda gari la Mbinga, karibu kilomita 100 za lami. Njiani unapita Kitai, palipo na njia panda. Kutoka Mbinga unashuka kilomita 66 za lami mpaka Mbamba Bay. Kutoka hapo unafuata ufukwe kuelekea kaskazini, unapita Liuli, mpaka Lituhi. Lituhi unaiacha ziwa, unapanda tena mpaka Kitai na kurudi Songea. Kipande hiki cha mwisho kinapita jirani na machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, hivyo jiandae kwa malori na vumbi, na usikubali dereva asafiri usiku.

Wanaotoka Dar hupitia Iringa, Makambako na Njombe, siku nzima ndani ya basi. Walioko Mbeya wana njia nyingine tamu: kushuka Kyela na kupanda meli ya MV Mbeya II inayokwenda Mbamba Bay. Ratiba ya meli iulize bandarini wiki ileile ya safari, usitegemee aliyesafiri mwaka jana.

Lini uende

Mvua za kule huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Wakati huo vijito hufurika, njia za vilimani huwa utelezi na mbu ni wengi. Bahati nzuri likizo yetu ndefu huangukia kiangazi. Lakini kiangazi nacho si kimoja.

Juni na Julai Umatengo ni baridi kweli. Vilima vile vinapanda mpaka kukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Dar aliyekuja na shuka moja atalia usiku. Miezi hiyohiyo upepo wa kusi unavuma ziwani kwa nguvu na mawimbi yanakuwa makubwa. Uzuri wake ni kwamba ni msimu wa kuvuna kahawa, hivyo vijiji vya juu vimechangamka. Kuanzia Septemba mpaka Oktoba baridi hupungua na ziwa hutulia zaidi. Kama unamaliza mafunzo kwa vitendo mwezi wa tisa, huo ndio wakati wako.

Kuna kalenda nyingine ambayo wanachuo wengi hatuiangalii: mwezi. Wavuvi wa usipa, wale dagaa wa Nyasa, hufuata giza. Huwasha taa kwenye mitumbwi, usipa wanavutwa na mwanga, nyavu zinafanya kazi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, na wavuvi wengi hupumzika. Ukienda wakati wa giza utaona ziwa limewaka taa kama mji, na asubuhi utanunua usipa wabichi. Ukienda wakati wa mbalamwezi utatembea ufukweni bila tochi lakini mboga itakuwa shida. Chagua mapema, na bajeti ya chakula ifuate chaguo lako.

Barua, simu na mwenyekiti

Hii ndiyo sehemu watu wanairuka, na ndiyo ile iliyotukwamisha sisi.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kwa hiyo ule mchanga uliouona mtupu una msimamizi, tena ana ofisi na mhuri. Hatua ni hizi.

Wiki tatu kabla, chukua barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi. Iandike majina ya wote, namba za usajili, tarehe na vijiji mtakavyolala. Toa nakala sita. Moja ipeleke au itume ofisi ya utamaduni au utalii ya halmashauri husika, nyingine ni za watendaji wa vijiji. Msafiri ukiwa na kitambulisho cha taifa au cha chuo, maana Nyasa ni wilaya ya mpakani, inapakana na Msumbiji kwa ardhi na Malawi kwa maji. Ukiulizwa wewe ni nani, usianze kutoa hotuba. Toa kitambulisho.

Wiki moja kabla, tafuta namba ya mtendaji wa kijiji na umpigie. Usitume ujumbe. Piga, msalimie, jitambulishe, eleza mko wangapi, wasichana wangapi na wavulana wangapi, mtafika lini saa ngapi. Hilo la wasichana na wavulana si umbeya. Ni jambo ambalo mwenyeji anataka kujua ili ajue atawaweka wapi.

Siku ya kufika, fikeni kabla ya saa kumi jioni. Kabla ya kushusha mizigo, watu wawili waende kwa mwenyekiti. Hapo muulize mambo haya, na uandike majibu: Tulale wapi? Wapi tusiingie majini? Wapi mitumbwi inavutwa usiku, na wapi wanawake wanaanika dagaa? Maji ya kunywa tuchote wapi? Nani tumgongee mlango kukitokea tatizo usiku? Ukiwa na jibu la swali la mwisho, umeshapata jibu la yule mzee.

Juu: kutembea Umatengo

Wengi huipita Mbinga kama kituo cha kubadilishia gari. Wanakosea. Kama una siku nne, mbili ziwe za huku.

Hakuna njia za utalii zilizowekwa alama. Kuna njia za miguu ambazo watu wanakwenda nazo shamba, kanisani, zahanati na mnadani. Ni nzuri kuliko unavyofikiri, na utakachokiona kinafundishwa madarasani: ngoro. Ukisimama kilima kimoja ukatazama kilima cha pili, utaona mteremko mzima umejaa vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Hilo ni shamba.

Ngoro inatengenezwa hivi. Mvua zikielekea mwisho, nyasi zinafyekwa na kuachwa zikauke. Kisha zinapangwa kwa mistari inayokatana, zikaunda miraba. Mkulima anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Katikati panabaki shimo, pembeni panainuka matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata mahindi. Nyasi zinaoza chini ya udongo na kuwa mbolea. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake na udongo wake, badala ya kuteremka wote mpaka mtoni. Kwa njia hii Wamatengo wamelima miteremko mikali vizazi na vizazi. Wazee wanaeleza kwamba walibanana vilimani karne ya 19 wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, ardhi ikawa ndogo, ikabidi itunzwe. Miaka ya 1990 watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja kuisoma kwa kina. Kwa hiyo ukiwa pale uko kwenye maabara ya watu, usiite "mashimo".

Sasa kanuni ya kutembea inatoka humo humo. Usikanyage matuta. Tuta moja likibomoka, maji ya shimo la juu yanamwagikia la chini, la chini linazidiwa, na mfereji unaanza. Kazi ya mama mmoja ya wiki nzima inaharibiwa na kundi la watu kumi waliotaka kupiga selfi. Pita njiani, kwa mstari mmoja, na mkikutana na mtu amebeba mzigo kichwani, ninyi ndio mnaopisha.

Kitu kingine cha kujua ni ntambo. Kwa Wamatengo, kipande cha kilima kilicho baina ya vijito viwili kinaitwa ntambo, na kwa desturi kimekuwa makazi ya ukoo. Chini mtoni kuna vinyungu, katikati nyumba na kahawa, juu ngoro na miti. Kwa hiyo hata pori unaloliona kileleni ni la ukoo fulani. Mahema juu ya ntambo bila kuaga ni sawa na mtu kuja kutandika godoro lake sebuleni kwenu.

Kwa matembezi ya siku moja, watu wengi huuliza kuhusu Jiwe la Mbuji, mwamba mkubwa unaosimama peke yake na kuonekana kutoka mbali. Wenyeji wana simulizi nyingi za mizimu juu ya jiwe hili na wazee wana utaratibu wao wa kulikaribia. Uamini usiamini, hilo lako. Utaratibu ufuate, nenda na kijana mwenyeji na umlipe kwa siku yake. Halafu usisahau kunywa kahawa. Mbinga inalima arabika na ina kituo cha utafiti wa zao hilo pale Ugano, lakini chai ndiyo utakayokaribishwa nyumba nyingi. Omba kahawa, watafurahi.

Chini: ziwa na adabu yake

Barabara ya kushuka Mbamba Bay ni ya kona. Kadiri unavyoshuka ndivyo sweta linavyotoka, maana ziwa liko chini, chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kona moja ukikunja, unaliona lote. Nimeona watu wazima wakinyamaza hapo.

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake kinafika karibu mita 700, na linasemekana kuwa na spishi nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Mawe yaliyo karibu na ufukwe ndiyo makazi ya wale wadogo wa rangi ya bluu na njano ambao watu wa nje huwafuga kwenye matangi ya kioo. Ukiwa na miwani ya kuogelea utawaona bila kwenda mbali. Mezani utakutana na usipa, na ukibahatika mbasa, samaki ambaye wakati wa mvua hupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga.

Ukifika Liuli, uliza kuhusu Jiwe la Pomonda. Wajerumani walipaita mahali hapa Sphinxhafen, yaani bandari ya sphinx, kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu tangu Vita Kuu ya Kwanza ianze, meli ya Waingereza Gwendolen ilivizia na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani alipanda mashua akaja juu kwa hasira kumuuliza mwenzake kama amelewa, maana habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Ndivyo vita ya Ulaya ilivyofika kwenye ufukwe wa watu waliokuwa wanaanika samaki wao.

Sasa usalama wa maji, na hapa sitanii.

Midomo ya mito na vijito, na mahali penye matete, usioge, usioshe vyombo, usipige hema. Ndiko mamba na viboko waliko. Ruhuhu ndio usijaribu kabisa. Ogelea pale tu ambapo watoto wa kijiji wanaogelea, na wakati wanapoogelea.

Kichocho kipo kwenye maziwa yetu na konokono wanaokisambaza wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Ukirudi chuoni, baada ya miezi miwili au mitatu nenda zahanati ukapime, hata kama unajisikia freshi. Dawa ipo na ni rahisi. Malaria ipo pia, kwa hiyo chandarua ni lazima, hata ndani ya hema lenye zipu mbovu. Lina zipu mbovu, nakwambia.

Mtumbwi au boti usipande bila jaketi okozi, lile boya la kuvaa. Kama chombo hakina ya kuwatosha wote, hamwendi wote. Kabla ya kupanda, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha muulize mvuvi. Mvuvi akisema leo hapana, ni hapana. Anayekwambia "twende tu" wakati mitumbwi yote imevutwa mchangani anakutaka pesa, hakutaki mzima.

Andika namba hizi kwenye karatasi, siyo kwenye simu itakayoisha chaji: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, na simu ya mwenyekiti aliyekupokea. Huyo wa mwisho ndiye atakayefika kwanza. Jua pia hospitali ya karibu na pale ulipo: Liuli ina hospitali ya misheni ya miaka mingi, Mbinga ina ya wilaya, na ukiwa vilimani kuna ya Litembo. Kadi ya bima ya afya isibaki hosteli.

Mshiko

Sitataja bei, kwa sababu zitabadilika kabla toleo hili halijafika mkononi mwako. Nitasema namna ya kuzigawa.

Chukua mchango wote mgawe mafungu matano. Mawili ni ya usafiri, na nauli ziulize stendi, siyo kwa dalali. Fungu moja na nusu ni chakula: mchele, unga na mafuta nunua Mbinga, samaki na muhogo nunua ziwani kwa wenyeji, msije na makopo kutoka mjini. Nusu fungu ni ya wenyeji: kijana anayewaongoza, mama anayewapikia, kitu kidogo cha ofisi ya kijiji, na hicho kiwe na risiti. Fungu zima linalobaki halina kazi. Ni la dharura, linashikwa na mtu mmoja ambaye si mratibu, na likirudi salama linagawanywa. Safari yetu ya kwanza hatukuwa na fungu hilo. Mwenzetu akapata homa Lituhi na tukauza kreti la soda ili kukodi gari.

Changeni mapema, kabla boom halijayeyuka. Atakayesema "nitatuma nikifika" mwache.

Vifaa ni vichache: hema, mkeka, blanketi zito kwa ajili ya Mbinga, chandarua, tochi, mtungi mdogo wa gesi, dumu la maji, ndoo ya kuchotea, dawa za huduma ya kwanza, jembe dogo. Kuni msikate. Wenyeji wanazitafuta mbali.

Choo na taka

Jembe dogo ni la choo. Kama kijiji hakikuwapa choo, chimbeni shimo mbali na maji, kisha fukieni vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kambi ya siku mbili si ya kudumu, lakini chukua hizo mita 60 ziwe kipimo chako: choo, sabuni na jivu vyote viwe nyuma ya mstari huo. Watu wa ufukweni wanakunywa maji yale yale unayooshea sufuria.

Chupa za maji na soda rudini nazo. Kijiji hakina gari la taka. Ukiacha mfuko umefungwa vizuri chini ya mti, mbwa wataufungua usiku, asubuhi upepo utaupeleka ziwani, na kesho utaingia kwenye nyavu za yule aliyekukaribisha. Kundi letu la mwisho lilirudi Songea na viroba viwili vya chupa. Kondakta alinuna, tukalipia kama mzigo.

Mambo yanapoharibika huharibika kwa wote

Kuna jambo la mwisho, nalo si la kundi lako peke yako. Vijiji hivi bado vinapokea wageni kwa moyo. Kundi moja likija likalewa, likapiga muziki usiku kucha na kuacha uchafu, kundi linalofuata litakuta nyuso zimefungwa. Nimeona kijiji kimoja ambacho sasa hakitaki kusikia neno "wanachuo", na sikuwalaumu. Siku moja ufukwe huu pengine utawekwa geti na kiingilio, na huenda itakuwa sawa. Kwa sasa tunaingia kwa kuaminiwa tu, na sisi tusio na hela za hoteli ndio tutakaoumia zaidi imani hiyo ikiisha.

Mara ya pili nilipokwenda tulikuwa kumi na wawili. Tulifika saa tisa alasiri, tukapita ofisi ya kijiji, tukaonyeshwa uwanja chini ya miembe, mbali na kijito. Jioni mzee wa kasia akapita, kazeeka kidogo. Nadhani hakunikumbuka. Akatusalimia, akauliza swali lake lilelile.

Tukamtajia jina la mwenyekiti. "Haya," akasema, "basi karibuni," akaweka kasia chini na kukaa.